Shangazi, maparachichi ya Manyovu usiyauze yote

Shangazi shikamoo. Nakuandikia hapa hadharani maana kwenye simu waga unanikatisha, unasema tutaongea ukija, na nikija tunaongea ya shamba na misiba basi.

Juzi nilivyokuja Manyovu nilikuona alfajiri unapanga maparachichi kwenye gunia yaende sokoni Mwanga, Kigoma mjini, kila moja unalitikisa sikioni usikie kama kokwa linagonga, yaliyolainika unayatenga apewe nguruwe wa jirani maana hayafiki mjini, halafu wewe ukaenda kunywa chai ya rangi na andazi. Shangazi iliniuma sana. Miaka 63, presha unayo, macho kila siku unalalamika, na kinachokufaa anakula nguruwe!

Sisemi parachichi ni dawa. Ila mafuta yake mengi ni ya aina ile ya mafuta ya zeituni, hayaupi moyo shida kama mafuta yanayoganda, na nyuzinyuzi zake ni nyingi, kama gramu 7 kwenye kila gramu 100, na hilo tatizo lako la choo unalijua mwenyewe. Watafiti wa Harvard walitoa matokeo 2022, walifuatilia watu zaidi ya 110,000 huko Marekani kwa miaka kama 30, waliokula nusu parachichi mara mbili kwa wiki au zaidi hatari yao ya magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa chini kwa asilimia 16 kuliko ambao hawali au wanakula mara chache sana. Ni kufuatilia tu, inawezekana watu hao walikuwa wanajitunza na kwa mengine, lakini mimi imenitosha kukusumbua.

Na macho je? Parachichi lina luteini, rangi ya asili ya mimea ambayo inakaa ndani kabisa ya jicho na kulilinda, halafu mafuta yake yanasaidia mwili kuchukua vitu vizuri vilivyo kwenye mboga za majani. Kwa hiyo ile sombe yako, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, punguza upawa mmoja wa mawese, weka vipande vya parachichi pembeni. Nusu tu kwa siku inatosha. Vidonge vya presha usiache hata siku moja, na kliniki uwaulize kama figo ziko sawa maana parachichi lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Nakuja mwezi wa nane. Yaliyolainika usimpe mtu, tutayala barazani na chumvi na ndimu, gunia likishapanda gari.