Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Balozi wa Tanzania, Washington

YAH: OMBI LA MWONGOZO WA KISWAHILI KUHUSU SILAHA ZINAZOBEBWA WAZIWAZI TEXAS

Mheshimiwa Balozi,

Mtanzania akimwona mtu asiye na sare ana bastola kiunoni kwenye foleni ya dukani, anawaza mambo mawili tu: huyu ni askari kanzu, ama ni jambazi. Akifika Houston au Dallas anakutana na mtu wa tatu ambaye kwetu hayupo: baba anayenunua maziwa na mkate, bastola ikining'inia kwenye ala, hana cheo wala nia mbaya. Wiki ya kwanza mgeni anaogopa. Balaa huja baadaye, hofu ikishamtoka, akajiambia kwamba kama jirani anavaa, na yeye anaweza kuvaa.

Tunaomba ubalozi utoe karatasi moja ya Kiswahili juu ya jambo hili. Sisi ni wakalimani wa Kiswahili Texas, na tunapendekeza hapa yatakayoandikwa humo.

La kwanza ni viza, na liwe juu kabisa. Tangu Septemba 1, 2021, Texas haidai leseni kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola, ili mradi hakuna sheria nyingine inayomzuia kuwa nayo. Watu wengi husoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo wakaiacha ya pili. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi, kuwa na bunduki au hata risasi. Adhabu inafika miaka 15 jela. Kuna misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa aliye na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Lakini viza ikishakufa, leseni hiyo haimwokoi.

Na neno "kuwa nayo" ni pana kuliko linavyosikika. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu alifukuzwa chuo Florida kwa alama mbaya, akabaki nchini, akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Akashitakiwa kwa bunduki aliyoshika pale uwanjani. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2019 ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshitakiwa alijua hali yake ya uhamiaji. Hilo ndilo pekee alilolipata. Kushika bunduki ya kukodi kulibaki kuwa ni kuwa nayo. Kwa hiyo kijana wa chuo anayeishi nyumba moja na binamu mwenye bastola, ahakikishe inafungiwa kwenye kasiki ambalo yeye hana ufunguo wake wala namba zake.

Mkimbizi na mwenye grini kadi hawamo kwenye katazo hilo. Lakini hukumu ya kosa la silaha inaweza kumrudisha kwao hata aliyekaa na grini kadi miaka 20. Na kwenye fomu 4473, anayojaza mnunuzi wa bunduki dukani, kuna swali la uraia: asiye raia akitia alama kwamba ni raia, anajizulia kesi nyingine mbaya zaidi.

La pili ni mabango. Mlangoni Texas utaona namba, na namba hizo ni vifungu vya sheria. 30.05 inamzuia asiye na leseni; 30.06 inamzuia mwenye leseni aliyeificha bastola, 30.07 inamzuia mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Mabango ya 30.06 na 30.07 lazima yawe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja. Kiswahili hakimo, na mtu wetu anapita bila kujua amesoma nini. Kulipuuza bango peke yake ni faini isiyozidi dola 200. Lakini ukiambiwa kwa mdomo utoke ukakaidi, ni kosa la hadi mwaka mmoja jela. Bango jekundu lenye "51%" ni la baa, mahali ambapo zaidi ya nusu ya mapato ni pombe inywewayo papo hapo. Hapo, kama ilivyo shuleni na kituo cha kupigia kura, adhabu ni kuanzia miaka 2 hadi 10 jela.

Mtego mbaya kuliko yote hauna bango. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 305, isipokuwa kwa mwenye leseni ya jimbo, au silaha isiyo na risasi iliyofungiwa ndani ya kasha. Anayetegemea ruhusa ya 2021 bila leseni anaweza kuvunja sheria hiyo kwa kutembea tu barabarani kwenda dukani. Ndiyo maana leseni bado ina maana, ingawa Texas haiidai.

Tukubali pia kwamba Texas ya kwenye sinema imetudanganya. Mwaka 1871 jimbo hili lilipiga marufuku kutembea na bastola, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 120. Leseni ya kubeba bastola iliyofichwa ilipitishwa 1995; kuionyesha, kwa leseni, kuliruhusiwa Januari 1, 2016. Huko Tombstone, Arizona, amri ya mji ya Aprili 1881 ilimtaka kila aingiaye akabidhi silaha yake, na mapigano mashuhuri ya Oktoba mwaka huo yalizuka polisi walipokwenda kuwanyang'anya watu bunduki. Cha ajabu, karne ile mahakama za Kusini zilimwona anayeficha kuwa ndiye mwenye nia ya kuua, na anayeonyesha kuwa muungwana. Leo wengi wanahukumu kinyume: vijana wa Texas walipoingia migahawani na bunduki ndefu mgongoni mwaka 2014, kampuni kubwa zilianza kuwaomba wateja waziache nyumbani.

Na uungwana huo haukuwa wa kila ngozi. Mississippi mwaka 1865 iliwakataza watu weusi waliotoka utumwani kubeba silaha bila kibali. California iliruhusu bunduki zenye risasi hadharani mpaka Black Panthers wa Oakland, kundi la wanaharakati weusi, walipoanza kuwafuata polisi nazo. Mwaka 1967 Gavana Reagan akasaini sheria ya kuzikataza. Tanzania inamjua Panther mmoja kwa karibu. Mzee Pete O'Neal wa Kansas City alitiwa hatiani mwaka 1970 kwa kuvusha bunduki mpaka wa jimbo, akakimbia, akaishia Imbaseni, Arusha. Mpaka ule, wa majimbo ya Kansas na Missouri, unapita katikati ya mji, mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo anayeendesha gari kutoka Texas kwenda Illinois, ambako kubeba waziwazi ni marufuku, aitoe risasi na kuifungia silaha kwenye buti.

Julai 7, 2016, Dallas, polisi watano waliuawa kwenye maandamano ambayo baadhi ya waandamanaji walikuwa na bunduki mabegani kihalali. Mwanamume mweusi mmoja, aliyebeba yake bila kosa lolote, picha yake ilisambazwa na polisi kama mshukiwa. Alijisalimisha, akaachiwa. Hakuna kifungu alichokivunja, lakini nchi nzima ilikuwa imeshaiona picha yake kama ya mshukiwa.

Mwishoni karatasi ieleze kusimamishwa na polisi barabarani: zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono miwili juu ya usukani, usifungue droo ya gari. Kama silaha imo, sema ilipo bila kuigusa, kisha ngoja uambiwe la kufanya. Tunashauri maneno hayo yachapwe kwa Kiingereza pia, mtu ayakariri kabla hajaanza kuendesha.

Ukurasa mmoja, pande mbili, unatosha. Rasimu tuko tayari kuiandaa. Wanasheria wenu waihakiki.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakalimani wa Kiswahili, Texas