Kwa binti zangu mnaosubiri uzazi wa kwanza

Wanangu,

Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, na ninawaandikia kwa sababu wengi huingia leba bila kuelezwa wanachosubiri.

Mnasubiri mlango wa kizazi. Miezi yote ulikuwa umefungwa. Sasa unalainika, unakuwa mwembamba, unafunguka hadi sentimita 10. Mwanzoni huenda polepole mno. Uchungu unakuja na kupotea, ute wenye michirizi ya damu unatoka, na hali hiyo yaweza kuchukua siku nzima. Kula, kunywa, tembea, na usingizi ukija lala. Wengi hujichosha saa hizi, nguvu zinapotakiwa hazipo. Ukifika sentimita 5 uchungu hukaza na kukaribiana, hata maneno hukukatikia mdomoni. Kwa uzazi wa kwanza, kutoka hapo hadi mlango kufunguka wote kwa kawaida hakuzidi saa 12.

Chupa ikipasuka, nenda kituoni hata kama hujasikia uchungu. Maji yakiwa ya kijani, damu ikitoka kama ya hedhi, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kukuche.

Karibu na mwisho utatetemeka, pengine utatapika, utasema huwezi tena. Mimi nikisikia mama anasema hivyo, nilikuwa navaa glavu. Lakini usisukume mpaka mkunga akupime na kukuambia njia iko wazi. Kusukuma kwenyewe kwaweza kuchukua hata muda wa saa 3 kwa mtoto wa kwanza, na kichwa kinapochomoza utaambiwa uache kusukuma, uheme tu, kitoke taratibu usichanike.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtoto akilia, chumba kizima humgeukia yeye. Usiku mmoja ndugu walikuwa wanashangilia, mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Nasikia baridi." Nilipofunua shuka, damu ilikuwa imeloa hadi kwenye godoro. Alipona, kwa sababu alisema.

Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka, na hapo kazi ya uzazi huwa haijaisha. Ndiyo maana mtoto akishatoka tu unachomwa sindano ya oksitosini pajani: inakaza kizazi ili kibane mishipa iliyokuwa imeshika kondo. Usiikatae. Kondo likipita dakika 30 halijatoka, inabidi lishughulikiwe haraka. Hata likitoka, kizazi kikilegea damu humwagika, na saa 2 za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi. Mwombe mkunga akuwekee mkono wako chini ya kitovu, ukiguse mwenyewe: kinatakiwa kiwe kigumu, cha mviringo. Na kabla siku haijafika, chagua mtu mmoja wa kukusindikiza ambaye kazi yake ni kukutazama wewe. Mtoto atakuwa na wengi wa kumtazama.