Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: ubakaji na vipigo visimalizwe nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Kigoma-Ujiji, muuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na kwa muda sasa ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yetu. Nimeamua barua hii isomwe na kila mtu kwa sababu wengi wanaohusika nayo ni watu wanaoitikia kauli yako haraka kuliko yangu: watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa mitaa, wazee wa koo na viongozi wa dini.

Ombi langu kubwa ni moja. Tumia mamlaka yako kukomesha tabia ya kesi za ubakaji na za wanawake kuumizwa kumalizwa nyumbani.

Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa, na mzigo wa kiti hicho hapa kwetu tunaujua. Tumepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na wakimbizi tumewapokea katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Lakini muulize mwanamke wa Buhigwe au wa Kasulu ni wapi anapoogopa. Hatakutajia mpaka. Atakutajia njia ya kuni, njia ya kisimani, na akishaamini kwamba hutamtangaza, atakutajia chumba anacholala. Huo nao ni usalama wa mkoa.

Tulishaonywa. Mwaka 2019 nchi nzima ilisikia habari za Mwanga Kusini, kata ya hapa Kigoma-Ujiji, jinsi wanawake walivyokuwa wakivamiwa usiku na wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasishikike. Tuliwaita teleza. Waliwalenga wanawake wanaolala bila mwanamume ndani: wajane, walioachika, mabinti wanaojitafutia maisha. Nakumbuka maswali ya mitaani siku zile. Kwa nini anaishi peke yake? Mlango wake ulifungwa vizuri? Au ni mtu wake tu, wamegombana? Mwanamke ameumizwa ndani ya nyumba anayoilipia kodi mwenyewe, na watu wazima wanakaa kibarazani kujadili tabia yake. Kila mvamizi alikuwa na nyumba aliyotoka usiku huo na watu waliomwona akirudi. Hao ni wachache mno walioulizwa kitu.

Mawazo yaleyale ndiyo yanayoendesha vikao vya suluhu, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Niliwahi kushika mkononi karatasi ya kikao cha namna hiyo. Ilichanwa kwenye daftari la shule, nyuma yake kuna hesabu za mtoto. Juu imeandikwa Hati ya Makubaliano. Inasema kwamba waliotajwa wamekubaliana kwa hiari yao, bila kulazimishwa, kuwa suala limekwisha na hakuna atakayelifufua. Fedha imetajwa, nusu imelipwa na nusu italipwa baada ya mavuno. Amesaini baba wa binti, amesaini baba mdogo wa kijana, mashahidi wawili wameweka dole gumba, na mhuri wa serikali ya mtaa umegongwa juu yake. Nilirudia kuisoma nikitafuta jina la binti. Halikuwamo. Mama yake aliniambia kwamba muda wote wa kikao binti alikuwa jikoni, akiwachemshia wageni chai.

Sisemi wazee wale ni watu wabaya. Wengi wao ni haohao wanaotupatanisha kwenye mipaka ya mashamba, mbuzi wakiingia kwenye mihogo, au mtu akikopa dumu la mawese na kukawia kulipa. Huko suluhu inafaa na tunawashukuru. Ubakaji ni jinai. Kanuni ya Adhabu, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inataka kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Hakuna mzee wa ukoo wala mtendaji aliyepewa uwezo wa kugeuza hilo kuwa fidia. Na kupokea malipo ili jinai kubwa kama hiyo ifichwe ni kosa lingine juu ya lile la kwanza.

Vikao hivi pia vinakula muda, na muda huo ni wa binti. Siku ya kwanza wanangojewa wajomba kutoka Kibondo au Kakonko. Siku ya pili upande wa kijana unaomba nafasi ya kushauriana. Siku ya tatu wanabishana juu ya kiasi. Sasa, dawa za kumkinga aliyebakwa asipate Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji wajomba. Wakati heshima ya familia inapangiwa bei, afya ya binti inaondoka, na nguo alizovaa zimeshafuliwa na kuanikwa.

Kinachofuata nimekiona kwenye kamati kiasi cha kukitambua kikianza tu. Ile nusu ya pili ya fedha hailipwi. Ndipo baba anakumbuka polisi. Wiki zimepita, daktari hana cha kuandika kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, shahidi mmoja amehamia Uvinza, binti ameshawekwa kwa shangazi mbali na hapa. Kesi inaanguka. Halafu mtaani wanasema, mnaona, wanawake hawa wanasingizia watu. Suluhu iliyoua ushahidi inageuka kuwa ushahidi kwamba hakukuwa na kosa. Binti mwingine akiona hivyo ananyamaza, na mimi siwezi kumlaumu.

Kuhusu vipigo vya ndoa, sheria yetu ina maneno ya wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Bado mwanamke akifika ofisi ya mtaa na jicho limevimba, swali la kwanza analoulizwa ni alifanya nini. Pengo lipo vilevile, nalo nalisema: sheria zetu hazihesabu kuwa ni ubakaji mume anapomlazimisha mke wake, isipokuwa kama wametengana. Hilo ni la Bunge na si la ofisi yako, ila wewe unakutana na wabunge wetu wote wa mkoa huu katika kamati ya ushauri, na unaweza kuwaambia kwamba wanawake wa Kigoma wanaliuliza.

Mheshimiwa, sheria peke yake haitufikishi. Katika utafiti wa Taifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume waliohojiwa nchini walikubali kuwa zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mke. Wanawake ndio waliokubali zaidi. Sishangai, kwa sababu najua tunavyofundwa. Binti akikaribia kuolewa anaketi na somo na mashangazi, anafundishwa usafi, mapishi, kumheshimu mume, na katikati ya mafundisho mazuri anapewa na hili: siri ya ndani isitoke, mume akikasirika nyamaza, na ukirudi nyumbani na mabegi usitarajie tutakufungulia mlango. Mama anayesema hivyo anampenda mwanawe. Anampa silaha aliyopewa naye. Lakini kijana wa kiume anayeoa jumamosi hiyohiyo anafundishwa na nani? Anapewa wosia wa kuwa kichwa cha nyumba, anapigiwa makofi, basi. Hakuna anayemketisha na kumwambia kwamba mkono wake ukimgusa mke kwa kipigo, wazee hawatakuja kumwombea.

Ndiyo maana sina matumaini makubwa na semina tunazoitiwa kila mwezi wa Novemba, zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoanza tarehe 25. Nazihudhuria na nitaendelea kuzihudhuria. Ila ukumbini tunajaa wanawake wenyewe kwa wenyewe, tunaambiwa tutoe taarifa, na wanaume wa kuambiwa wasitende wako ziwani, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye mabao. Mtu anayelindwa ndiye anayepewa kazi yote ya kujilinda: asitembee usiku, asivae hivi, asikae peke yake. Sisi wa dagaa tufanye nini? Mashua zinavua usiku kwa taa na zinarudi alfajiri. Usipokuwapo mwaloni mapema, hupati mzigo, na usipopata mzigo watoto hawaendi shule. Tunatoka nyumbani giza likiwa nene, tunafuatana kwa vikundi tukimulika tochi za simu, na bado yupo anayekupa bei nafuu ya beseni kwa sharti ambalo hutaki kulisikia. Mwambieni huyo aache. Sisi tusiambiwe tubaki nyumbani.

Na mabadiliko yanawezekana, nimeyaona kwa mtu mmoja mmoja. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa swala tano na mwenye kauli, aliitwa kuongoza kikao cha kumsuluhisha baba wa mtoto na jirani aliyemharibu mtoto huyo. Alifika, akasikiliza kidogo, akauliza kama mtoto amepelekwa hospitali. Walipomjibu kuwa wanasubiri kwanza wayamalize, alisimama, akavaa viatu vyake, akasema yeye hakai kwenye kikao hicho, na akalipa bajaji ya mama na mtoto siku hiyohiyo. Tangu hapo sijasikia kikao kingine kama kile katika mtaa ule. Mwenye heshima mmoja akikataa kuketi, wengine wanaona aibu kuketi.

Sasa wewe, Mheshimiwa, ndiye mwenye heshima kubwa kuliko wote katika mkoa. Toa waraka kwa watendaji wote na wenyeviti wote, kuanzia Manispaa hadi Kakonko, kwamba mhuri wa serikali hautagongwa kwenye makubaliano yoyote yanayohusu ubakaji, mtoto kuharibiwa au mwanamke kujeruhiwa, na atakayeugonga atawajibishwa kama mtu aliyeingilia upelelezi. Waraka huo usomwe misikitini, makanisani, mwaloni na minadani. Ukifanya mkutano wa hadhara, ukimaliza habari za barabara na mbolea, waambie wanaume uso kwa uso, kwa maneno yako mwenyewe. Wanazoea kusikia haya kwetu. Kwako watasikia kama amri.

Hospitali na vituo vya afya viagizwe kumpokea aliyeumizwa na kumwanzishia dawa kwanza, PF3 ifuate. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liwe na askari wa zamu usiku, kwa kuwa hayo mambo hayatokei saa za kazi. Kwa vijiji vya mwambao wa kusini wa Uvinza, ambako usafiri ni boti na nauli ni mzigo, nakuomba halmashauri itenge fungu dogo la kumsafirisha aliyebakwa na mtu wa kumsindikiza. Na taa kwenye njia ya Kibirizi, tafadhali.

Nchi ilijiwekea Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto tangu mwaka 2017, na kamati zetu zilizaliwa humo. Tunakaa, tunaandika mihtasari, tunaipeleka ngazi ya juu. Tunachokosa ni kurudishiwa majibu. Katika kikao kijacho cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, nakuomba taarifa isomwe wazi kwa kila wilaya: kesi ngapi zimepokelewa, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimefutwa kwa sababu shahidi hakutokea, na hao mashahidi walikwenda wapi. Nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ili nasi tulio chini tujue pa kuanzia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuza dagaa, Kibirizi, Kigoma