Kwa mpwa wangu wa Mwanza, kabla hujajaza fomu ya mfanyakazi bora

Mpwa wangu,

Mwangaluka. Shikamoo yako imefika, marahaba. Unasema kamati ya Mei Mosi hapo kazini kwenu imekupa kazi ya kuandika mapendekezo, na jina ulilonalo ni la yule mama anayewachezesha bao wagonjwa wa kiharusi na kuwapigisha ngoma wa wodi ya afya ya akili. Mwaka jana fomu yake ilirudishwa. Nakujibu hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye fomu ya namna hiyo mezani.

Nimeisoma ile nakala uliyonitumia. "Mchapakazi, mcheshi, anapenda wagonjwa, ana moyo wa kujitolea." Hizo ni sifa za mshereheshaji wa harusi. Kamati iliyoirudisha haikukosea: haikuoneshwa mgonjwa hata mmoja aliyeweza leo jambo ambalo mwezi uliopita lilimshinda.

Anza kwa kuipa kazi yake jina. Ni tiba kwa burudani na michezo: kutumia mchezo, muziki, bustani au matembezi kwa lengo lililoandikwa, kwa mgonjwa aliyepimwa kabla, na atakayepimwa baada. Bila kipimo cha kabla na baada, ni kuwaburudisha wagonjwa tu, jambo jema lakini si tiba. Marekani ni taaluma kamili. Baraza la kuwathibitisha wataalamu wake, NCTRC, lipo tangu 1981, na chama chao, ATRA, kilianzishwa 1984. Mwanafunzi wao hawezi kuthibitishwa bila mafunzo kazini ya saa 560 yasiyopungua wiki 14. Kwetu anayeifanya huwa ameajiriwa kwa cheo kingine: muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii, mtu wa fiziotherapia, au wa tiba kwa vitendo (ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku) ile inayofundishwa hospitali ya KCMC, Moshi, ambayo ni ndugu yake wa damu. Ndiyo maana mtu wa aina hii hupotea katikati. Mkuu wa wauguzi anaona ni mambo ya michezo, wa michezo anaona ni mambo ya wauguzi.

Sasa nenda ukaangalie anachofanya, usitegemee kusimuliwa. Kaa nusu saa kwenye bao, uende na daftari.

Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni, akiwa na kete 22 mkononi. Kwa mtu ambaye mkono wake umelegea baada ya kiharusi hayo ni mengi mno, kwa hiyo mtaalamu mzuri hataanzia hapo. Ataanza na safu 2 badala ya 4, na mawe makubwa kama ndimu, kisha komwe za kawaida, zile mbegu zinazotumika kama kete, vidole vikianza kushika. Tazama kiti: kina mgongo, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, ubao uko juu ya meza usawa wa kiwiko, siyo chini kwenye mkeka kama kijiweni, kwa sababu aliyepooza upande mmoja akiinama atalalia upande huo na kuanguka. Mkono dhaifu umeegemezwa kwenye khanga iliyokunjwa, na hakuna anayeuvuta. Bega la namna hiyo huchomoka kirahisi. Bakuli la kete limewekwa upande ule mgonjwa anaousahau, ili alazimike kugeuza shingo na macho kuutafuta. Huo ndio utaalamu wenyewe, na mpita njia ataona watu wanacheza bao tu.

Halafu tafuta alichoandika. Kipimo rahisi kinachotosha ni sekunde za kuhamisha kete 10, moja moja, kutoka bakuli hadi shimoni kwa mkono ulioathirika. Anapima mara 3, anachukua wastani, na anarudia kila wiki saa ileile na bakuli lilelile. Akibadilisha bakuli au akipima baada ya ugali wa mchana mgonjwa akiwa anasinzia, namba zinadanganya. Yanayoharibu zaidi ni mawili: mkono mzima kuiba kazi ya mkono mgonjwa, na ndugu wa mgonjwa anayekaa pembeni kumchezea "ili asichoke". Mwenye uzoefu humpa ndugu huyo kazi ya kushika saa. Na kete huhesabiwa zote mchezo ukiisha, 64 zilizotoka ni 64 zinazorudi, maana mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuitia komwe mdomoni na kupaliwa.

Kwa wazee kuna kipimo kingine ambacho kamati itakielewa bila maelezo marefu: mtu anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa wenye sonona ipo dodoso ya PHQ-9, maswali 9, alama 0 hadi 27, na kushuka kwa alama 5 huhesabiwa ni nafuu ya kweli. Kama faili zake zina moja ya hivi, ya kwanza na ya mwisho, una pendekezo. Kama hazina, mwambie aanze leo, na jina lake lisubiri mwaka ujao. Najua hutapenda kusikia hilo.

Ngoma ni kitu kingine. Bugobogobo, ngoma yetu ya Wasukuma ya kucheza na majembe, inafaa sana wodini: mdundo unaobashirika, hatua zinazorudiwa, na mwili unaokumbuka shamba hata kama kichwa kimevurugika. Lakini jembe la chuma haliingii wodi ya akili. Angalia kama anatumia majembe ya mbao nyepesi, kama yanahesabiwa kabla na baada, na kama kuna mtu mlangoni. Angalia na saa. Anayetumia klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, ngozi yake huungua haraka juani, na dawa za kundi hilo hufanya joto limlemee mtu upesi, kwa hiyo ngoma ya nje ni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na ndoo ya maji iwe karibu. Anayetumia haloperidoli, nayo dawa ya magonjwa ya akili, anaweza kuwa amekakamaa, na kumwambia "changamka" ni kumwonea. Na ule ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, unanoga kule kwenye makumbusho ya Bujora. Wodini, kwa mtu mwenye mania, yaani msisimko wa akili uliopitiliza, kushindanisha makundi ni kumwaga petroli kwenye jiko. Ukikuta ameacha ushindani makusudi na anaweza kukueleza kwa nini, hiyo iandike kwenye fomu. Inampa alama kuliko picha kumi.

Kuhusu ziwa, maana najua mtu atakuambia alipeleka wagonjwa ufukweni na ilipendeza sana. Muulize walikaa wapi. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Matembezi yanayostahili sifa ni yale ya kukaa kwenye mawe au gatini na ndoano, miguu mikavu, na mwenye kifafa akiwa mbali na ukingo na mtu wake pembeni.

Tuje kwenye ukurasa wenyewe. Ukurasa mmoja, siyo mitatu. Wajumbe wana fomu nyingi. Aya ya kwanza iseme wagonjwa gani na tatizo gani. Ya pili, alifanya nini, mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi. Ya tatu, namba za kabla na za baada. Ya nne, nini kimebaki hata akiwa likizo. Hapo ndipo mapendekezo mengi huvunjika kwenye hesabu. Wagonjwa 12 wakihudhuria mara 3 kwa wiki kwa wiki 4 ni mahudhurio 144, lakini ni watu 12. Ukiandika "amehudumia wagonjwa 144" na mjumbe mmoja akagundua, hakuna atakayeamini sentensi nyingine yoyote. Taja na walioacha katikati. Ukisema 12 walianza, 9 walimaliza, na hao 3 ni kwa sababu nauli ya kutoka Sengerema iliwashinda, umeonekana mkweli na umeipa hospitali kazi ya kufikiria.

Usimpe pia sifa isiyo yake. Mkono wa kiharusi hupata nafuu kubwa zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, hata bila bao. Andika "pamoja na fiziotherapia na dawa", kisha onesha kile ambacho ni chake peke yake: pengine mgonjwa aliyekuwa anakataa mazoezi alikubali kukaa dakika 40 kwa sababu ya mchezo. Hilo linatosha.

Aya ya nne ndiyo inayotenganisha mfanyakazi mzuri na aliyeiinua taaluma. Mfikirie daktari Ludwig Guttmann. Alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati wengi wa majeruhi hao walikuwa wanahesabiwa siku tu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwapanga watu 16 kwenye viti vya magurudumu washindane kulenga shabaha kwa upinde. Kutoka hapo ikaja michezo ya Rome 1960, na Paralimpiki tunazozijua. Huyo mama wa kwenu hatakiwi kuanzisha Paralimpiki. Anatakiwa awe na daftari ambalo muuguzi wa zamu anaweza kulifungua akaendesha kipindi bila yeye, na angalau wenzake 2 waliokwisha kukiendesha. Akiumwa wiki moja na bao likafungiwa kabatini, bado anafanya kazi nzuri, ila haijawa ya taaluma.

Kamati nayo ina magonjwa yake. Kura ya kunyoosha mikono huipa ushindi wodi yenye watu wengi, na kitengo cha watu 2 hakitashinda hadi kiama. Omba karatasi ya alama, itangazwe kabla majina hayajaingia. Mimi ningegawa hivi: mabadiliko kwa wagonjwa 40, kilichobaki na waliofundishwa 25, usalama 15, kushirikiana na vitengo vingine 10, kutumia vilivyopo 10. Kila mjumbe ajaze peke yake. Tofauti ikizidi alama 15 kati ya wajumbe wawili, wazungumze, wasichukue wastani tu. Na msimamizi wake asimpe alama. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Wewe pia, kama mnakula pamoja mchana, sema mapema.

Msichanganye tuzo hii na shukrani kwa aliyeleta mipira na jezi. Mfadhili mwandikieni barua yake nzuri. Wala bonanza kubwa la siku moja lisishinde vipindi vya kila Jumanne. Bonanza lina spika, ndiyo maana linakumbukwa.

Picha sasa. Hapa nakuomba uwe mkali kama mwanasheria. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu aliyevaa nguo za wodi ya akili ni taarifa ya afya tayari. Piga picha za mikono, kete na ngoma; migongo hapana kama kuna kovu au tatoo inayomtambulisha. Ambaye bado amelazwa asiombwe kupanda jukwaani kushuhudia; anayemtegemea mtu kwa dawa hawezi kusema hapana kwa uhuru. Aliyekwisha kuruhusiwa, akitaka mwenyewe, asaini, na aelezwe anaweza kubadili mawazo hata asubuhi ya sherehe.

Zawadi ni juu yenu, ila cheti kisichosema kitu zaidi ya "Mfanyakazi Bora" hakimsaidii popote. Kiandikwe maneno kama 40 yanayosema alichofanya na kipimo chake, ili akiambatishe anapoomba kwenda kusoma, na akitumie kama ushahidi anapojaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Fedha kidogo ikibaki, nauli ya kwenda Moshi kujifunza wiki mbili kwa watu wa tiba kwa vitendo inamfaa kuliko feni.

Kwenye kisanduku cha "kada" jaza ileile iliyo kwenye barua yake ya ajira, hata kama haifanani na kazi anayoifanya. Ukibuni cheo, utumishi watairudisha kabla kamati haijaiona. Kazi halisi iingie kwenye kisanduku cha majukumu. Na zile ngoma mbili unazosema zimepasuka ngozi, ziandikie dokezo la peke yake kwa mhasibu. Zisiingie kwenye fomu hii.

Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, niisome kwa kalamu nyekundu.

Mjomba wako