Uliniuliza kuhusu kofi

Busia, Uganda

Mwanangu,

Jumapili uliponiuliza kwenye simu, "Mama, mbona ulikuwa unanichapa mimi tu?" nilisingizia mtandao umekatika. Haukukatika.

Sikia basi. Baba yako akirudi amelewa, alitafuta pa kuanzia: daftari lililoachwa chini, kikombe kilichopasuka. Kwa hiyo nilikuwa nawahi mimi. Bora makofi yangu mawili kuliko mkanda wake, ndivyo nilivyojiambia. Wewe uliona mama mwenye mkono mwepesi, na hukukosea.

Unakumbuka chumvi? Nikisema "Nenda kwa Hajati ukaombe chumvi," maana yake mbebe mdogo wako, tokeni, msirudi mpaka niwafuate. Mara ya kwanza ulirudi mbio na chumvi kwenye karatasi, ukanikuta nimelala chini jikoni. Ulikuwa na miaka 9. Sikukueleza vizuri.

Tulipoondoka 2014 nilidhani yameisha. Babu yako alitupokea, ila kila jioni aliuliza ng'ombe wa mahari atawarudishaje. (Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikasema kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba. Wakati huo ng'ombe hao walikuwa wameshanila miaka.) Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, ndiye aliyekuwa amenishauri nirudi nikapike vizuri zaidi. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ilikuwapo tangu 2010, na inalipatia hata baraza lake uwezo wa kusikiliza shauri kama langu, na hakimu uwezo wa kutoa amri ya kunilinda. Yeye hakuisoma. Mimi pia sikuisoma.

Watu walisaidia, sikatai. Polisi walinipa fomu ya kupeleka kwa daktari, kanisani wakaleta unga na maharage. Lakini hakuna aliyeniuliza, na hawa watoto unawalea vipi? Nilikuwa silali. Miaka ikapita, sauti yako ikaanza kuwa nzito, na siku ile ulipoita "Mama!" kutoka bafuni nilishtuka kama ni baba yako, mkono ukatangulia akili. Kumbe ulikuwa unaitisha sabuni. Hilo ndilo jibu lako, mwanangu. Nisamehe.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Mtu wa kukaa nanyi saa moja, nikalie peke yangu mbali na masikio yenu. Na mtu wa kuniambia kwamba mtoto wa miaka 10 anayekojoa kitandani hana ukaidi, ana hofu. Nilikuwa nakusimanga mbele ya wageni! Hajati alikuja kututembelea, akalichukua shuka lako, akalifua, akalianika, hakusema neno. Akaketi tukanywa chai. Tangu siku hiyo sikukusimanga tena.

Mdogo wako hajawahi kuniuliza kitu. Alikuwa na miaka 3, labda hakumbuki. Lakini mlango ukigongwa usiku, huwa anavaa viatu kwanza.

Mama yako