Bakteria wa tumbo, tuulize na kazi yao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi kila mtu anaongelea bakteria wa tumbo, wazuri wangapi wabaya wangapi, sawa, lakini mbona hatuulizi wanafanya nini humo ndani? Chukua kimeng'enya kimoja tu, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali, kinaitwa beta-glukuronidesi. Ini likishafunga mabaki ya dawa kwa asidi ya glukuroniki, kama mzigo kwa kamba, linayapitisha kwenye nyongo yatoke na choo, sasa bakteria wenye hicho kimeng'enya wanakata ile kamba na mzigo unafunguka tena utumboni. Kuna wagonjwa wa kansa wanaopewa dawa ya irinotekani, ini limeshaizima sumu yake halafu inawashwa upya huko chini, mtu anaharisha mpaka anaishiwa nguvu, inauma kwa kweli. Na kukipima inatosha sampuli ya choo, unaangalia kimeng'enya kinafanya kazi kwa kasi gani. Kipimo kimoja hakisemi utumbo mzima una afya au hauna, chakula na antibayotiki vinabadilisha majibu, ila kuhesabu majina ya bakteria peke yake ndo kunatuacha nusu njia kabisa. Waandishi wenu wa afya waandike na hili jamani.

Msomaji wenu