Balbu haili mkondo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme jambo linalowachanganya wanafunzi wengi wanapoanza kusoma umeme. Wanadhani mkondo, yaani mtiririko wa chaji za umeme, ukitoka kwenye betri hufika kwenye balbu, ukaliwa kiasi, na kinachorudi ni mabaki. Hata usemi wetu wa kila siku, kwamba taa fulani "inakula umeme", unalikuza kosa hilo.

Dawa yake ni kupima. Chukua betri mbili za tochi za volti 1.5, uziunge kwa mfululizo upate volti 3, kisha weka rezista (kifaa kinachozuia mkondo kiasi) ya omu 100 na ammita (kipima mkondo). Pima kabla ya rezista, halafu ihamishe ammita upande wa pili. Mara zote mbili itasoma karibu miliampea 30, kwa kuwa volti 3 ukigawanya kwa omu 100 unapata ampea 0.03. Chaji zinazunguka tu, hazipotei. Kinachopungua ni nishati ya kikemikali iliyomo ndani ya betri, ambayo rezista huigeuza kuwa joto, na balbu huigeuza kuwa joto na mwanga.

Nimetaja rezista kwa makusudi. Uzi wa balbu ukipata joto kali, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia mkondo, hupanda mara kadhaa, hivyo mkondo hauongezeki sawia na volti, na mwanafunzi huishia kuona kanuni ya Ohm, kwamba mkondo ni volti kugawanya kwa omu, ni uongo. Wala isiwe ya omu 10: hiyo itapitisha ampea 0.3, sawa na wati 0.9, na rezista ndogo ya robo wati itaungua.

Ammita nazo huharibiwa mno kwa kuungwa moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Ukinzani wake ni mdogo sana, kwa hiyo hiyo ni shoti, na fyuzi yake hukatika. Ammita hukaa ndani ya njia ya mkondo. Voltimita, inayopima volti, huungwa sambamba na kifaa kinachopimwa. Ukiiweka voltimita kwenye njia ya mkondo hakiharibiki kitu, ila balbu haitawaka, maana ukinzani wa voltimita ni mkubwa mno.

Haya yote ni ya betri tu. Umeme wa ukutani mwanafunzi asiujaribu kabisa.

Ninawaomba walimu wenzangu: kabla swichi haijawashwa, kila mwanafunzi aandike kwanza anadhani ammita itasoma ngapi kila upande.

Mwalimu wa Fizikia